Ngeu Haipikwi

Watu wengi wa Kisauni wamekanyaga kazi yangu bila kujua. Ndivyo sakafu ilivyo. Mtu akiingia nyumbani kwa mwenzake huangalia pazia, huangalia televisheni, huangalia dari, na huku uzito wake wote ameuweka juu ya kazi ya fundi ambaye hata hamuulizii. Mie nimemimina sakafu za maduka, za madrasa na za kumbi za harusi, kuanzia Utange ninakokaa hadi kule Changamwe, na hakuna iliyopasuka kwa kosa langu. Shule niliachia darasa la nne. Nilishuka mjini kutoka vilima vya nyuma ya pwani nikiwa na shati moja, nikaanza kwa kubeba simiti kichwani. Leo wapo wenye vyeti vya kutundika ukutani wanaonipigia simu kuniuliza kwa nini sakafu zao zinatoa vumbi, nami huwaambia. Hilo si kujisifu, ni kueleza mambo yalivyo.

Lakini katika sakafu zote hizo, iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa kipande chembamba, upana wa koleo tu, kilichokatiza sebule ya mama mkwe wangu kule Jomvu Kuu.

Sebule ile ina sakafu nyekundu. Si wekundu huu wa ndoo ya plastiki tunaouona sasa. Ni wekundu wa ini la mbuzi likiwa limeoshwa, uliotulia, wenye kiza ndani yake. Aliiweka baba mkwe wangu mwenyewe alipokuwa kijana, akimuandalia bibi harusi wake nyumba. Alikuwa fundi wa zamani, mtu wa maneno machache. Ndugu zake walipomuuliza kama Jomvu wameisha wanaume hata bintiye ampe mbeba simiti wa bara, aliwajibu kwamba mikono ya huyo mbeba simiti ameiona, na ya kwao ameiona pia. Basi nikaoa. Mzee alipofariki, Mungu amrehemu, mama mkwe alibaki na nyumba yake, na sakafu yake, na macho yanayoingia ukungu pole pole.

Choo kilikuwa uani. Kwa mtu mwenye macho mazima ni mwendo mfupi tu, lakini msimu wa mvua ule uani hugeuka sabuni, na mama hakuwa akiona hata kizingiti. Akaanguka. Mara ya kwanza aliumia kifundo cha mkono, akasema ni paka alimpitia miguuni. Mara ya pili majirani walimkuta amekaa kwenye tope, hawezi kunyanyuka, anawauliza kama kanga yake imechafuka sana. Daktari aliyemtazama alitwambia waziwazi kuwa akianguka tena huenda akavunjika nyonga, na kwa umri wake nyonga si jambo la kufanyia mzaha.

Familia ikakaa. Na familia ikikaa, maana yake ni mke wangu, mie, na kaka yake mkubwa, shemeji yangu, anayekaa Port Reitz na kufanya kazi ya ofisini huko uwanja wa ndege. Mambo yakawa mawili. Ama choo kiingie ndani, ama mama atoke nyumba ile aje akae kwetu Utange moja kwa moja. Kuja kwetu kutembea mama hupenda. Kuja kuishi alikuona kama kuzikwa kabla ya wakati, na alisema hivyo hivyo, mbele yangu, bila kuona haya, kisha akaniomba nisichukulie vibaya.

Choo kuingia ndani nako kulikuwa na tatizo. Chumba kidogo cha kukiweka kilikuwapo, ile stoo ya zamani iliyo upande wa msikitini. Lakini paipu ya maji machafu ilibidi ipite chini ya sebule, kutoka ukuta hadi ukuta. Yaani niipasue sakafu ya mzee.

Shemeji alikuwa na dawa yake. Alitoa simu akatuonyesha picha za vigae vinavyong'aa kama sahani. Alitaka tung'oe sakafu yote tuweke vigae, mambo yaishe. Mama alikuwa amekaa akisikiliza tu. Haoni picha, lakini alisikia.

"Hivyo vigae ndivyo vile vilivyomtereza jirani yangu hapo msikitini?" akauliza. Shemeji akakohoa. Mama akanigeukia mie. "Mwanangu, wewe ndiwe fundi. Waweza kupasua na kuziba nisione?"

Sasa mtu kama mie aulizwe swali kama hilo. Nikamwambia, mama, hutakiona kiraka hata ukitafuta na tochi.

"Mato yangu yaenda kufanywa," akasema. "Nikirudi n'takuwa naona. Nikikiona kiraka katika sakafu ya mume wangu, choo chenu mtakitumia nyinyi. Mie n'takwenda nde kama nilivyozoea, na nikianguka nimeanguka."

Wote mle chumbani tulijua hatishi. Yule mama akisema neno halirudi. Shemeji alinifuata nje akanipiga begani. "Ushajitia kitanzi, shemeji. Kwa ulimi wako mwenyewe."

*

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, wakautoa ule ukungu wanaouita mtoto wa jicho. Wakamfunika kwa kibandiko cha plastiki, wakaonya asiiname, asibebe kitu, na moshi na vumbi visimkaribie. Tukamleta kwetu Utange apumzike. Jicho la pili bado lilikuwa na ukungu, kwa hiyo siku hizo alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya mkoba, anatujua kwa sauti na kwa nyayo.

Mie nikaingia kazini Jomvu. Kupasua si kazi. Nilipiga mstari wa ngeu kwa uzi, nikakata kwa grinda mistari miwili imenyooka, nikatoa zege pole pole kama mtu anayefungua zawadi. Paipu ikalala, choo kikakaa, maji yakajaribiwa yakapita. Nikafukia, nikashindilia, nikaacha pale juu nafasi ya kumalizia na rangi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Nilinunua unga mwekundu wa dukani, ule tunaouita redoksaidi. Nikachanganya, nikamwaga kipande cha majaribio kwenye ubao. Ukiwa mbichi ulifanana na sakafu ya mzee hata nikapiga mluzi. Ulipokauka ulikuwa mdomo wa bibi harusi. Nikatia masizi kidogo kuupunguza, ukawa rangi ya kidonda. Nikaenda duka jingine, nikaleta wa aina nyingine, huo ukatoka na uzambarau. Mke wangu alikuwa akipiga picha ya kila jaribio kwa simu na kumtumia kaka yake, na kwenye simu yote yalikuwa sawasawa. Nilimwambia asimtumie tena. Simu haijui wekundu.

Kuna jambo alilowahi kulisema mzee, nami nililishika bila kulitilia maanani kwa sababu wakati huo unga wa dukani ulikuwa umeshajaa. Alisema sakafu yake haikutiwa rangi, ilitiwa ngeu. Ngeu sisi mafundi tunaijua, ndio ule udongo mwekundu ambao maseremala walikuwa wakichovya uzi kupigia mstari kwenye mbao. Siku hizi hata neno limebaki tu, mtu anapiga mstari kwa chaki ya buluu na bado anasema kapiga ngeu. Aliitoa wapi mzee? Nilitafuta katika vitu tulivyovitoa kwenye ile stoo iliyogeuzwa choo, nikakuta debe la mafuta ya kupikia lililofunikwa kwa gunia. Ndani mlikuwa na udongo uliochekechwa laini kama unga wa sembe. Tatizo lake moja. Ulikuwa wa manjano.

Shemeji alikuwapo siku hiyo. Akachota kwa vidole akaucheka. "Hii bizari, shemeji. Pika pilau."

Wallahi aliyekuwa amesoma angelitupa lile debe. Mie sikulitupa, nililibeba hadi kwangu Utange, kwa sababu ya kitu nilichokiona kabla sijajua kitu kingine chochote mjini. Wakati nikibeba simiti tulikuwa tunajipikia ugali pale pale mjengoni, mafiga matatu juu ya udongo wa manjano. Tukihama, pale palipokuwa na moto pakawa duara jekundu, na pembeni manjano vile vile. Nimeviona viduara hivyo kila nilipofanya kazi. Niliviona, sikuviuliza.

Nikachukua kijiko cha bati, nikatia udongo kidogo, nikauweka juu ya jiko la makaa la mke wangu. Ulitoa mvuke, ingawa ulikuwa mkavu wa kutimua vumbi. Ukachemka kabisa, unafanya vishimo vishimo kama uji mzito. Kisha kimya. Nilipouacha ukapoa, ndani ya kijiko palikuwa na ini la mbuzi.

Siwezi kueleza furaha ile. Nilimpigia shemeji simu nikamwambia aje Jumamosi aone pilau yangu.

*

Kijiko ni kijiko, na debe ni debe. Jumamosi ile nilitaka kuuchoma wote kwa mara moja, maana udongo usiochomwa pamoja huenda ukatoka rangi mbili. Na mama alikuwa kibarazani, jicho limefunikwa, moshi na vumbi haramu. Udongo ule ukiugusa tu unaruka kama poda. Basi nikafikiri kama mtu mwenye akili anavyofikiri. Nikaenda pembe ya mwisho ya kiwanja, upande ambao upepo unachukua. Nikaweka karai kubwa la chuma juu ya mawe, nikamwaga udongo wote, nikalifunika kwa karai jingine, nikaziba ukingo kwa matope. Chini nikajaza makumbi ya nazi na vifuu, juu nikapalia makaa, kama wanawake wanavyoupalia wali moto juu ya kifuniko ili ukauke vizuri. Vumbi halitoki, moshi kidogo, moto juu na chini. Mke wangu alipita akasema hajapata kuniona nikipika kwa adabu kiasi hicho.

Shemeji alifika na wanawe, akapewa kiti. Nikamweleza yote tangu mwanzo, viduara, kijiko, mvuke, na labda niliongeza chumvi kidogo kuhusu namna nilivyowashinda wenye maduka ya rangi. Kisha nikalifunua karai.

Ulikuwa mweusi. Si hudhurungi, si mwekundu ulioungua. Mweusi kama unga wa bunduki, kuanzia juu hadi chini. Nikachota nikautandaza juu ya bati upoe, nikasema huenda ni joto. Ukapoa. Mweusi.

Shemeji hakucheka. Ndipo nilipojua hali ni mbaya. Aliuangalia udongo, akaangalia kule kibarazani alikokaa mama, akasema pole pole kwamba labda nyumba ya Jomvu tuikodishe.

Debe lilikuwa tupu. Mzee alikochimba hakuna aliyejua, wale aliokuwa akienda nao huko vilimani wote wameshatangulia. Niliingia ndani ya kibanda changu cha vifaa nikakaa juu ya mfuko wa simiti. Mie, ambaye watu hunipigia simu. Nilikuwa na sumaku pale, niliyoitoa kwenye spika mbovu, naitumia kuokotea misumari. Bila sababu nikaitoa nje nikaipitisha juu ya unga ule mweusi. Unga ukaruka, ukaishika, ukasimama kama nywele. Nikakaa nikiutazama. Nilijisemea kwamba kumbe ndani mna chuma, na chuma hakifi, hubadilika tu kikapata kutu, kikapakwa rangi, kikayeyushwa kikawa kingine. Lakini kukirudisha huku kutoka huko, sikujua.

Mama akaita. Nikaenda, nikamwamkia upya kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Marahaba. Mwanangu, unafanya nini huko? Nasikia harufu ya vifuu tangu asubuhi."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia nimelikuta debe la mzee, nimepika ngeu, imeharibika, imekuwa nyeusi, na hakuna nyingine. Nikamwomba radhi kwa ajili ya ulimi wangu.

Akageuza sikio upande wa kiwanja. Kisha akauliza, "Mbona sikuisikia?"

"Kuisikia nini, mama?"

"Ngeu. Mume wangu akiifanya, mimi ndani nyumbani, mtaa mzima waisikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Mpaka nikamwambia yatosha, meno yaniuma. Wewe umekaa kutwa na sikusikia kitu. Umefunika?"

Nikasema nimefunika, nimepalia, kwa ajili ya jicho lako.

Akatikisa kichwa, kidogo tu, kama alivyoagizwa. "Hukusikia neno mwanangu. Yeye akisema, leo nakaanga ngeu. Hakusema napika. Wali ndio wapikwa, wapaliwa moto. Ngeu haipikwi, yakaangwa, kama njugu, kama buni. Wazi, na mkono usisite."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Lakini imeshaungua, mama. Buni ikiungua huwezi kuirudisha."

"Hiyo si buni," akasema mama. "Mwache akaange."

*

Nililirudisha karai juu ya moto, wazi, bila kifuniko. Tulimwingiza mama ndani, mke wangu akafunga madirisha yote na kuweka kanga chini ya mlango. Nikafunga kitambaa puani, nikachukua koleo la mpini mrefu, nikaanza kugeuza. Chini juu, chini juu. Shemeji alivua saa yake akaiweka mfukoni, akashika kipande cha bati akawa anapepea moto, na shati lake la Jumamosi likala majivu. Kwaru, kwaru. Chuma kikisuguana na chuma kinakwenda hadi kwenye fizi, hilo mama alisema kweli.

Muda ukapita bila kitu. Mkono unauma, unga ni ule ule mweusi. Nikataka kusimama. Na hapo nikasikia dirisha la ndani likigongwa kwa kucha, na sauti ya mama nyuma ya kioo. "Mbona waacha? Mie sijakwambia meno yaniuma."

Tukaendelea. Ukingoni, pale penye moto mkali, nikaona hudhurungi, kama maji ya chai yaliyomwagika. Nikageuza, ikapotea, ikarudi kubwa zaidi. Nikaongeza vifuu hadi chini ya karai pakawa pekundu. Sasa unga wote ukawa rangi ya kahawia yenye kiza, karibu na zambarau, na haukusogea zaidi ya hapo kwa kitu chochote nilichofanya. Shemeji aliuangalia akasema afadhali, lakini si yenyewe. Nami niliona kweli si yenyewe. Nikautoa kwenye moto kwa sababu nilikuwa nimechoka, basi, wala si kwa sababu nilijua. Nikaumwaga juu ya bati, nikakaa chini nikanywa maji.

Shemeji ndiye aliyeanza kuita. Aliita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona ndege mzuri na hataki aruke. "Shemeji. Njoo hapa. Njoo uangalie pembeni."

Pembeni, pale unga ulipokuwa mwembamba na umepoa, ulikuwa mwekundu. Na wekundu ule ulikuwa unaingia ndani. Tulisimama tukiuangalia ukitembea, kutoka ukingoni kwenda katikati, jinsi joto lilivyokuwa likitoka, kile kiza kinanyanyuka na chini yake inabaki ngeu. Palipokuwa na lundo katikati palichelewa, nikapatandaza kwa mkono, napo pakaja. Nilichukua kipande cha ile sakafu ya Jomvu nilichokihifadhi, nikakilaza juu. Kilizama. Sikujua unga unaishia wapi na sakafu inaanzia wapi.

Nilikaa kwenye mchanga nikacheka peke yangu. Shemeji naye akakaa, mtu wa ofisini, kwenye mchanga, akawa anafuta jasho kwa mkono wenye ngeu hadi uso ukawa kama wa mtu aliyepigana. Mke wangu alipotoka na kutukuta hivyo aliuliza nani kamtia mwenzake ngeu, maana hilo neno nalo ni la jeraha la kichwani. Tukacheka upya.

Baadaye mwalimu mmoja wa sekondari, niliyemwekea sakafu huko Utange, alinieleza kwa nini. Alisema udongo ule wa manjano ni jamaa wa kutu, chuma kilichoshikana na hewa na kufungia maji ndani yake. Moto huyafukuza yale maji, ndio ule mvuke niliouona kwenye kijiko, na kinachobaki ni kutu kavu nyekundu. Lakini ukiufunika, uchafu wa mizizi na majani uliomo ukiungua hukosa hewa ya kula, hula ile iliyo ndani ya udongo, nao udongo unabaki mweusi wa kushika sumaku. Ukiufunua na kuugeuza unavuta tena hewa yake unarudi. Na kitu hicho kikiwa moto huonekana cheusi kuliko kilivyo. Nilifurahi kujua. Nilimwambia somo lake ni sawa kabisa na la mama mkwe wangu, isipokuwa la mama halina ubao, naye akasema angependa kumwona.

*

Sakafu niliiweka mwenyewe, sikumpa mtu mwiko. Nilichanganya ngeu na simiti hadi mikono yangu ikabaki myekundu kwa siku kadhaa, nikaisawazisha, nikaipiga mwiko wa chuma mara ilipoanza kukaza, nikaisugua hadi ikatoa jicho, yaani ikang'aa. Ilipokomaa nikaipaka machicha ya nazi na kuisugua kwa kumbi, sebule nzima, ya zamani na mpya pamoja, kama walivyokuwa wakifanya. Na pale mama anapopita kila siku kutoka chumbani hadi mlangoni, penye ule mbonyeo mdogo wa nyayo za miaka yote, nilibonyeza kiraka nacho kidogo. Fundi mwingine asingelifikiria hilo.

Siku ya kumrudisha, kibandiko kilikuwa kimeshatolewa. Alivua viatu mlangoni. Mke wangu alitaka kumshika mkono akakataa. Alisimama pale kizingitini kwa muda akiangalia sebule yake kwa jicho jipya, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba kuta zetu chafu, na hakuna aliyemwambia.

Kisha akaanza kutembea. Pole pole, peku, kichwa kimeinama sasa kwa kuwa ameruhusiwa. Alipita ukuta kwa ukuta. Mie nilikuwa nimejibana karibu na kabati, nahesabu hatua zake. Alikivuka kiraka changu. Akageuka, akakivuka tena. Akaenda hadi karibu na dirisha, akasimama. Akainama. Akagusa kwa vidole.

"Hiki hapa," akasema. "Nimekiona."

Nikatazama anapogusa. Palikuwa na kipande kama ukubwa wa sinia, kweli wekundu wake umepungua kidogo, ukikitazama kutoka upande wa mwanga unakiona.

"Mama," nikasema, "mie hapo sijapagusa. Paipu imepita huku."

Akanitazama akidhani namdanganya. Na hapo shemeji akakohoa, kile kikohozi chake. Akasema kiraka kile kinajulikana. Mama alipokwenda kwao kujifungua huyu dada yake, baba aliangusha jiwe la kusagia pale akapavunja, akapaziba haraka kabla hajarudi. Aliwaambia watoto atakayesema atakiona cha moto.

Mama alibaki ameinama, mkono uko pale pale kwenye kile kiraka. Sikuuona uso wake. Tulimsikia akicheka, kicheko kidogo cha puani, kisha kikubwa, hadi akashika dirisha.

"Miaka yote hii," akasema. "Nami nikimsifu kwa watu. Yeye naye alipika."

Alinyanyuka, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, lile jicho zima kwa uangalifu, akaangalia sakafu mara moja zaidi kutoka mwisho hadi mwisho. Hakuniuliza changu kiko wapi. Aliuliza jambo jingine.

"Haya. Choo chenu ki wapi?"

Mke wangu akamwonyesha mlango wa iliyokuwa stoo. Akaingia, akafunga. Sisi watu wazima watatu tukabaki sebuleni, tumesimama juu ya ile paipu, tunasikiliza kama watu wanaosubiri kusomewa majina. Na maji yakashuka. Nikayasikia yakipita chini ya nyayo zangu, chini ya ngeu, hadi ukuta wa pili na nje. Shemeji akaketi kitini akapumua. Nami nikaketi chini, juu ya sakafu, kwa kuwa ndipo nilipopaamini.